Zamu ya Masafa Kusubiri

Baba yetu alikuwa dereva wa malori ya kwenda mbali, yale ya tela na turubai, tangu kabla sijazaliwa. Watu wote walimwita Masafa. Alibeba saruji, akabeba mbolea, akabeba nondo, akavuka mpaka huu na ule, na sisi watoto tulimjua zaidi kwa harufu ya dizeli iliyobaki kwenye mto kuliko kwa sura. Akirudi, nyumba ilijaa. Alicheka kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na injini, alitubeba mabegani, kisha akalala mchana kutwa huku sisi tukinyata. Halafu asubuhi moja unaamka, unatupa jicho mlangoni, viatu vyake havipo.

Mama yeye hakwenda popote. Ni fundi wa makochi. Karakana yake ni banda la mabati ubavuni mwa nyumba, na kazi yake ni kulivua kochi kitambaa kikuukuu, kukaza mikanda, kubadilisha springi zilizolegea, kutia sponji mpya na kulivisha upya. Misumari midogo huishika kwa midomo anapofanya kazi, na nadhani ndiyo sababu hakuwahi kuwa mwongeaji. Kila lori lilipopunguza mwendo pale barabarani, nyundo yake ilisimama. Lori likipita, nyundo ikaendelea. Nilikuwa mtu mzima ndipo nilipouelewa ule ukimya mdogo.

Baba alikuwa na ahadi yake, na aliirudia kila alipokuwa anaondoka. "Ipo siku nitakupakia, mama watoto. Utakaa mbele pale, uone dunia."

"Mm," mama alijibu, misumari midomoni.

Mara mtoto ana surua, mara tajiri kakataza abiria, mara kochi la mteja halijaisha. Tukakua, tukaondoka nyumbani mmoja mmoja, na siku hiyo haikufika.

Kilichofika ni ugonjwa wa macho. Jicho la kushoto lilikuwa tayari na mtoto wa jicho, linaona kwa ukungu. Kisha siku moja, akiwa anaosha gari, baba akaona kama pazia jeusi linashuka kwenye jicho la kulia. Daktari alisema utando wa ndani ya jicho umebanduka, na wa kuubandika hayupo nchini kwetu. Tajiri wa malori alisaidia, ndugu wakachanga, safari ikapatikana ya mgonjwa na mtu mmoja wa kumsindikiza. Sote tulidhani atakwenda kaka yetu mkubwa, maana ndiye aliyesoma na ndiye ajuaye lugha za watu. Baba akasema, "Nitakwenda na mke wangu," na hapo mjadala ukafungwa. Jioni ile nilimkuta mama amekaa kitandani, kabati wazi mbele yake, anazitazama nguo zake kama za mtu mwingine.

Upasuaji ulikwenda salama. Lakini kulikuwa na sharti. Ndani ya jicho waliacha kiputo cha hewa kiukandamize ule utando ukae mahali pake, na ili kiputo kifanye kazi, mgonjwa hana budi kulala kifudifudi, uso chini, mchana na usiku. Tena asipande ndege mpaka kiputo kiishe chenyewe, maana angani kingevimba na kuliharibu jicho lote. Basi baba, mtu aliyezoea kuiona barabara hadi inapokutana na mbingu, akalazwa kwenye kitanda chenye tundu la uso, akawa anaona vigae vya sakafu tu. Navyo aliviona kwa lile jicho la ukungu.

Mama alipewa chumba katika nyumba ya wageni wa hospitali, ng'ambo ya barabara. Usiku alilala huko, mchana alikaa na mumewe. Alimsogezea mrija wa maji, akamkanda shingo, akamweleza nani ameingia na nani ametoka. Baba aliwajua watu kwa viatu vyao. Raba nyeupe ni nesi wa mchana. Viatu vinavyolia ni daktari. Vyeusi vya kamba ni mkalimani, mwanamke wa makamo aliyejua Kiswahili, ambaye alipita kila asubuhi pamoja na daktari kisha akaenda kwa wagonjwa wengine. Na vile vya kahawia vilivyochongoka mbele, alivyomnunulia yeye mwenyewe kwa ajili ya safari, ni mke wake.

Siku zikawa ndefu. Wakaanza kugombana kwa vitu vidogo, mrija umepinda, mto uko juu sana, umekoroma, sijakoroma. Asubuhi moja baba akamuuliza, "Mama watoto, umeshaona nini katika mji huu?"

"Nimeona korido."

"Na nini tena?"

"Dirisha."

"Dirishani kuna nini?"

"Kuna dirisha la jengo jingine."

Baba akacheka hadi nesi akaja kumtuliza, asitikise kichwa. Alipopata pumzi akasema, "Toka nje. Yule mkalimani anasema kuna mto, kuna daraja watu wanakwenda kulitazama. Nenda kalitazame."

"Nani atakusogezea maji?"

"Raba Nyeupe yupo. Nenda, uone, kisha urudi unisimulie. Maisha yote msimuliaji ni mimi. Nimeichoka sauti yangu."

Mama alisitasita. Aliweka simu yao karibu na mkono wa baba, ile moja yenye laini ya huko, ili watoto wakipiga wamkute. Akajifunga kitambaa kichwani, akasimama mlangoni, akarudi kurekebisha mto ambao haukuwa na kasoro, kisha akaenda.

Nayaeleza haya kama alivyonieleza baadaye.

Alijiwekea alama ili asipotee. Kwanza duka la maua, halafu kinyozi, halafu sanamu ya mtu juu ya farasi, halafu shuka hadi mtoni. Aliufikia mto bila shida. Ulikuwa mpana, umetulia, na daraja lenyewe lilikuwa la mawe, lenye taa za vyuma kila baada ya hatua chache. Watu walitembea wawili wawili. Mzee mmoja alikuwa amembebea mkewe mkoba wa kike begani bila aibu yoyote. Mama akaegemea ukingo, akatazama maji yakipita chini, na jua likampiga usoni, na kwa mara ya kwanza tangu watue katika nchi ile akasikia mabega yake yanalegea.

Ndipo ikapita mashua ndefu imebeba mchanga, na nyuma ya usukani akasimama mtu mmoja tu, anakunywa kitu katika kikombe, anaongoza kwa mkono mmoja. Mama akageuka upande wa kulia kusema, "Mtazame huyo." Kulikuwa na mwanamke asiyemjua, anajipiga picha.

"Niliona haya," aliniambia. "Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Nikajifanya napiga mwayo."

Alimtamani baba pale darajani kuliko alivyowahi kumtamani akiwa safarini. Safarini angalau hakujua yuko wapi. Sasa alijua, tena alijua hata rangi ya vigae anavyotazama.

Akaanza kurudi. Angekwenda moja kwa moja angefika, lakini karibu na sanamu ya farasi alipitwa na wanaume wawili wamebeba kochi. Lilikuwa kochi la zamani, la mgongo wa mviringo, mikono imechongwa kama mawimbi, kitambaa kimechanika na sponji inachungulia. Mama hajawahi kuona kochi la namna ile kwa macho yake. Akataka kujua tu linapelekwa wapi, na kama linakwenda kwa fundi, amwone huyo fundi anavyofanya. Akawafuata. Walikata kona, naye akakata kona. Walipumzika, naye akasimama kama anayetazama dirisha la duka. Wakakata kona nyingine, wakapita chini ya tao, wakatokea kwenye uwanja mdogo, wakaingia katika jengo moja, na mlango ukajifunga nyuma yao kwa mlio wa kufuli.

Mama akabaki anautazama mlango. Alipogeuka, hakuijua hata njia moja.

Hakuogopa mara moja. Alijiambia atafute farasi. Akamwona farasi, akamkimbilia, kumbe mtu aliyempanda ni mwingine, huyu ana upanga. Mbele akamkuta farasi wa tatu, huyo hata hana mtu. Mji ule, mama anasema, ulipenda farasi kupita kiasi. Akamkuta kinyozi, si yule. Akakuta duka la maua, si lile. Akaona basi limeandikwa namba aliyodhani ameiona nje ya hospitali, akapanda, akakaa dirishani, akasubiri kuona kitu anachokijua. Nyumba zikawa fupi. Miti ikaongezeka. Abiria wakashuka mmoja mmoja mpaka akabaki peke yake, na dereva akazima injini, akamgeukia, akasema neno ambalo bila shaka lilikuwa "Mwisho."

Akashuka. Viatu vipya vilikuwa vimemchubua visigino, anachechemea. Jina la hospitali alikuwa akilisikia kila siku, lakini kila alipolitafuta kinywani lilimponyoka, lilikuwa refu na limejaa sauti za kohoni. Kadi ya nyumba ya wageni aliiacha mezani. Simu iko kwa baba. Namba yake haijui, ni ya huko, waliinunua walipofika.

Akamsimamisha mtu, akamwonyesha jicho. Yule mtu akamwonyesha duka la miwani. Akamsimamisha mwingine, akatikisa kichwa, akaenda zake. Mbele kidogo kulikuwa na saluni ya nywele, na mlangoni amesimama msusi mwenyewe, mwanamke mnene, ana mkasi mfukoni mwa aproni, anapunga upepo. Mama akamwendea. Akaamua safari hii aeleze vizuri. Akaweka kiganja juu ya jicho. Akainamisha kichwa hadi kidevu kikagusa kifua. Akaonyesha kwa mikono mtu aliyelala uso chini, hainuki, hainuki kabisa. Akajigusa kifua: ni wangu.

Msusi alimtazama, macho yakamjaa maji. Akamvuta, akamkumbatia.

Alielewa kwamba amefiwa.

Mama alitaka kucheka. Alifungua mdomo ili acheke, aseme hapana dada, hajafa, yu hai na anasumbua watu. Badala yake akalia. Alilia pale kizingitini, kifuani mwa mtu asiyemjua, kwa sauti, kama mtoto. Mimi sijawahi kumwona mama akilia kwa sauti. Nilipomuuliza alikuwa analia nini, alifikiri, kisha akasema, "Kilikuwa kilio cha zamani. Kilikuwa kinasubiri mtu wa kunishika."

Wakamwingiza ndani. Walikuwemo wateja wawili, mmoja chini ya mashine ya kukaushia, mwingine kichwa chote kimepakwa dawa ya rangi. Wakamkalisha, wakampa chai, msusi akapiga magoti akamvua vile viatu, akamfunga visigino kwa plasta, akamvalisha kandambili za saluni, za waridi, zenye ua la plastiki juu. Kisha akamwekea simu mkononi.

Mama anajua namba moja tu kwa kichwa, na ni yangu.

Mimi nauza katika duka la vifaa vya ujenzi. Nilikuwa nampimia mteja waya, simu ikaita, namba ndefu ya kigeni. Nikajua ni habari ya baba.

"Mwanangu," mama akasema, "nimepotea."

"Umepotea wapi?"

"Ningejua wapi ningekuwa nimepotea?"

Ile jeuri ilinirudishia roho. Nikamwambia akae hapo hapo, asiguse mlango, nampigia baba. Mteja wangu wa waya akaniambia kwa upole, "Malizana na mama kwanza, dada, mimi nipo," akakaa juu ya ndoo ya rangi kusikiliza.

Simu ya baba haikumaliza mlio wa kwanza. "Mama yako yuko wapi?" Hakuna salamu, hakuna habari za huko.

Nikamweleza. Nyuma yake nilisikia viatu vya mtu vikija, vikipita, vikienda.

"Amekula?" akauliza.

"Anakunywa chai."

"Analia?"

"Alikuwa analia. Sasa hivi ananijibu kijeuri."

Alishusha pumzi ndefu. "Mwambie asimame hapo alipo. Mtu akipotea asimame. Mimi nimepotea mara nyingi, najua." Kisha akaongeza, "Mwambie kwamba... Basi, mwambie asimame."

Nilimwomba ampe nesi simu. Kwa maneno machache ya kigeni niliyobaki nayo tangu shuleni, nikamtajia nesi namba iliyonipigia, nikarudia maneno mawili, mke, amepotea, mke, amepotea, mpaka akanielewa. Akapiga saluni mwenyewe, wakazungumza kwa lugha yao. Mama anasema msusi alisikiliza, akamtazama, akasikiliza tena, kisha akapiga kelele ya furaha, akawaambia wenzake, na saluni nzima ikashangilia. Walikuwa wameambiwa kwamba marehemu yu hai.

Aliyemrudisha ni yule mteja wa dawa ya rangi. Gari lake lilikuwa nje. Hakusubiri hata kuoshwa, alijifunga taulo mabegani, akavaa mfuko wa plastiki kichwani, akamfungulia mama mlango wa mbele. Msusi alisimama njiani akipunga mkono, na mama naye akapunga mpaka kona ikamficha. Viatu vyake vya kahawia vilikuwa vimebaki chini ya kiti cha saluni. Alikumbuka walipokuwa wameshafika mbali, akaona haya kumwomba mtu yule ageuze gari.

Jambo ambalo mama hakulijua ni kwamba baba alikuwa ameinuka. Kabla sijapiga simu, mchana ulipopita na mkewe hajarudi, baba aliita nesi na kumuuliza kwa Kiswahili, nesi akamletea maji. Akauliza tena, akaletewa chombo cha kukojolea. Basi akashuka kitandani. Wakamkuta mwishoni mwa korido, kichwa kimeinama kama alivyoagizwa, mkono mmoja ukutani, anapapasa milango, anatafuta wa kutokea nje. Alitaka kwenda kumtafuta mkewe katika mji asioujua, bila macho. Walimrudisha kwa nguvu, akalala uso chini, akawa anasikiliza viatu.

Mama aliingia akijua atatukanwa. Alitembea polepole kwa ajili ya visigino, akasimama kando ya kitanda. Baba akaona pale chini, kwa ule ukungu wake, kandambili za waridi zenye ua. Hakuzijua. Alidhani ni mtu wa usafi.

"Dada," akaiambia sakafu, taratibu, kwa Kiswahili ambacho alijua hakuna atakayekielewa. "Samahani dada. Hujamwona mke wangu? Ni mfupi. Ana kitambaa kichwani. Hajazoea kutembea peke yake."

Mama aliniambia kwamba katika maisha yao yote hakuwahi kusikia baba anamwomba mtu kitu kwa sauti ile. Alitamani aendelee kidogo. Kisha akaona si haki. Akajishikilia ukingo wa kitanda, akaketi chini, akalala chali juu ya vigae, akajisogeza kwa mgongo mpaka uso wake ukawa chini ya tundu, ukitazama juu.

"Nimemwona," akasema. "Ana njaa."

Chozi la baba lilimdondokea kwenye shavu. Jicho lile halikutakiwa kulia, daktari alikataza. "Wewe mwanamke," alisema. "Wewe mwanamke wewe."

Walikaa hivyo, mmoja juu mmoja chini.

"Ulikuwa unanisubiri hivi?" baba akauliza baadaye.

"Hivi vipi?"

"Hivi. Kila kiatu."

"Kila lori," mama akasema.

Watu walipita koridoni, na safari hii baba hakuwasikiliza. "Mimi kule barabarani," akasema, "jua likizama nilikuwa naongea na kile kiti cha pembeni. Utingo akilala, naongea. Nakwambia mambo, hili daraja, hili kanisa, wale punda. Nikifika nyumbani nakuta umeshika misumari midomoni, nasema moyoni nitamwambia kesho."

"Ungeniambia nitoe misumari."

"Nilikuwa nakuogopa."

Mama akacheka huko chini, ndivyo Raba Nyeupe alivyowakuta. Alipiga ukelele, akidhani mama ameanguka, na walipomwonyesha kwa ishara kwamba hakuna aliyeanguka, akaweka mikono kiunoni, akatoka, akarudi na mto. Akauweka chini ya kichwa cha mama.

Ndipo baba akasema, "Haya. Nisimulie." Naye akamsimulia, daraja na zile taa, mzee aliyebeba mkoba wa mkewe, mashua ya mchanga na mtu wake mwenye kikombe, farasi na kochi. Kwenye kochi baba alimkatiza. "Uliwafuata watu kwa sababu ya kochi?" "Mikono yake ilikuwa imechongwa." "Mimi nimelala hapa roho mkononi, kumbe kochi!" Lakini akataka aambiwe hiyo mikono ilichongwaje, na mama akamchorea hewani kwa kidole, karibu kabisa na uso wake.

Jicho halikupona lote. Daktari alikasirika kusikia kwamba mgonjwa aliinuka, ila alisema huenda hata asingeinuka matokeo yangekuwa yale yale, hakuna ajuaye. Baba anaona watu, anaona njia, anasoma maandishi makubwa. Leseni ya malori hawezi kupata tena. Habari hiyo alipewa na mkalimani wa viatu vya kamba, akaitikia kwa kichwa, akamwomba mama amsomee ile sura ya mkalimani, kama naye ana huzuni. Mama akasema anayo. Baba akasema, "Basi mwambie asijali."

Aliporuhusiwa kutembea, kichwa bado kimeinama, walitoka pamoja kuitafuta saluni. Mama alimshika mkono, akamwongoza. Walipanda basi lenye namba ile ile, wakashuka mwisho wake, wakazunguka mitaa ya miti mpaka baba akachoka. Waliona saluni nyingine. Ile hawakuiona. Huenda basi lilikuwa na miisho miwili, huenda mama alichanganya namba. Walifanya hivyo tena siku nyingine, na nyingine, mpaka kiputo kikaisha na tiketi zikakatwa. Nilipompigia mama kumwambia kwamba sisi wote tutakuja kuwapokea, alinijibu, "Haya, mwanangu," kwa sauti ya mtu aliyekatizwa jambo. Sikuizoea sauti ile kutoka kwa mama. Sisi tulizoea kumkosa baba. Yeye alikuwa nyumbani siku zote, kama ukuta.

Wamerudi sasa. Kazi inaendelea, mteja wa kwanza alikuja na makochi hata kabla mabegi hayajafunguliwa. Lakini nikienda kuwaona, mama huniuliza mambo ya ajabu. Kule sasa ni saa ngapi? Kule hunyesha miezi gani? Siku moja akasema, hakumtazama mtu, "Sijui yule dada wa nywele anafanya nini saa hizi."

Nikakumbuka kwamba ile namba ndefu bado ninayo. Nikaitafuta, nikapiga, nikampa simu.

"Ni mimi," mama akasema. "Ni mimi, dada. Yule wa jicho."

Nilisikia ukelele upande wa pili. Kisha msusi akaanza kuongea kwa lugha yake, haraka, bila kituo, na mama akamsubiri amalize, akaongea kwa yetu. Alimweleza kwamba walifika salama. Alimweleza jicho lilivyo. Alimwambia visigino vimepona, na kwamba walimtafuta, mume wake akiwa ameinama kama mtu aliyeangusha sindano, na hawakumpata. Alimwambia mambo mengine ambayo mimi sijawahi kuambiwa, kwa hiyo nikatoka nje ya banda. Msusi alijibu kwa kirefu. Hakuna aliyemwelewa mwenzake hata neno, na hakuna aliyekata simu.

Niliporudi walikuwa wameshamaliza maneno. Mama alikuwa amekaa juu ya kochi lililovuliwa, simu sikioni, macho amefumba. Kule ng'ambo mashine ya kukaushia nywele ilikuwa inanguruma, hata mimi niliisikia, na mtu mmoja alikuwa anacheka mbali kidogo na simu. Mama alisikiliza, wala hakusema lolote, mpaka salio langu likaisha.